Mjusi Aliyekula Mananasi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukihesabu kitanzi kilichokuwa bado kwenye sindano. Kitanzi hicho hakihesabiwi. Kinangoja tu zamu yake, kama mtu aliyesimama mlangoni ambaye hajakaribishwa mezani. Mimi nilikihesabu, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uaminifu wote wa karani wa ghala, na hivyo kila mzunguko ukapungukiwa na kitanzi kimoja bila mimi kujua, na kichwa cha mnyama niliyekuwa nikimfuma, ambacho kilitakiwa kuwa cha mviringo kama chungwa, kikachongoka. Nilikifumua nikaanza upya, nikahesabu vilevile, kikachongoka vilevile. Nilishuku uzi, nikashuku sindano, nikashuku hata mwanga wa dirisha. Hesabu yangu sikuishuku hadi siku ya nne, wanawake wawili wa dobi walipopita nje wakiwa wamebeba mashuka, mmoja akachungulia kazi yangu, kisha akamwuliza mwenzake kwa nini yule kijana mwembamba alikuwa akimfumia ng'ombe chuchu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda kumzika Wafula, ng'ambo ya Bungoma, akiwa mzee wa miaka mingi na meno machache. Baada ya chakula, binti yake Nekesa, mwalimu mstaafu ambaye sasa ana wajukuu wake mwenyewe, alikuja akaketi karibu nami chini ya turubai. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaikunjua, akaniwekea gotini kitu kisichozidi yai la bata. Kina miguu minne, mkia, na majani mgongoni. Sikuwa nimekiona tangu ujana wangu. Watu wengine wangelia au wangecheka. Mimi, Mungu anisamehe, nilitazama moja kwa moja jicho lake la kushoto, nikaona kwamba bado liko chini kuliko la kulia.

Mwaka huo ninaousimulia niliupitisha kitandani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa ghala la mahindi katika shamba la mzungu mmoja upande wa Rongai, nilipotema damu kwenye leso mbele ya mizani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na kifua kikuu wakati huo kilitibiwa kwa sindano, vidonge vichungu na kulala. Zaidi ya yote, kulala. Wadi yetu ilikuwa pembeni mwa mji wa Nakuru, vitanda kumi na viwili, madirisha wazi usiku na mchana kwa amri ya daktari, hata Julai ambapo baridi ya mlima wa Menengai ilishuka ikatukuta na blanketi mbili tu. Kiangazi upepo ulibadilika, ukaleta vumbi jeupe kutoka kwenye ziwa lililokuwa likikauka, likatua kwenye uji, kwenye mito, kwenye nyusi, tukaamka sote tukiwa wazee. Asubuhi tulikunywa uji. Saa nne tulipewa yai la kuchemsha na kikombe cha maziwa, nalo yai lilikuwa lazima ulile huku unatazamwa, kwa maana kuna waliokuwa wakiyabadilisha kwa tumbaku. Mchana ilikuwa ugali na maharagwe, jioni maharagwe na ugali, na Jumapili nyama. Nilikijua kila kipande cha nyama kwa jinsi sufuria ilivyogonga meza ya magurudumu ilipokuwa bado mbali.

Wafula alikuwa kwenye kitanda kilichofuata changu. Alikuwa mchochea moto katika injini za reli, mtu mpana aliyekondeshwa na ugonjwa lakini sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mvuke. Aliniita Karani. Mimi nilimwita Baba Nekesa, kama ilivyo heshima kumwita mtu kwa mtoto wake, na kila nilipolitamka jina hilo niliona uso wake unavyofunguka, kisha unavyofungika. Mtoto huyo alikuwa na miaka minne. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wadini wala kukaribia veranda. Kila Jumapili saa nane mama yake alimleta kutoka kwenye nyumba za reli, wanazoziita landhi, wakasimama nyuma ya ua wa miti, hatua ishirini kutoka tulipokaa, na Wafula akamwita kwa sauti. Nekesa hakujibu. Alikuwa amepitisha miezi tisa bila kushikwa na baba yake. Alijificha nyuma ya leso aliyojifunga mama yake, na Jumapili moja sote kumi na wawili tulimsikia akiuliza waziwazi, "Yule mtu anataka nini?"

Wafula hakula nyama siku ile. Alinipa mimi, nami nikaila, na hilo pia nalikiri.

Kufuma nilijifunza mwenyewe. Wanawake wa kanisa fulani walituletea kapu la mabaki ya sufu na sindano za kroshia, zile zenye ndoana nchani, wakatuonyesha kwa dakika kumi, wakasali, wakaondoka wasirudi tena. Wenzangu walitumia sindano kujikunia mgongo. Mimi nilichukua kitambaa cha kroshia kilichokuwa juu ya kabati la dawa, nikakifumua polepole kuanzia mwisho kwenda mwanzo, nikitazama kila kitanzi kinavyotoka ndani ya mwenzake, kisha nikajaribu kuvirudisha. Ilinichukua majuma matatu. Nimesema mara nyingi katika maisha yangu kwamba nilipenda kazi safi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilipohesabu vitanzi sikuhesabu vikohozi. Kitambaa kikitoka sawasawa niliona kama kifua changu nacho kitatoka sawasawa, na mstari ukienda upande sikuweza kulala mpaka niufute. Wafula alinitazama akicheka. Aliniita bibi arusi wa Rongai, akawatangazia wenzetu kwamba mahari yangu itakuwa kubwa kwa sababu nina mikono laini na sizungumzi sana.

Mnyama mwenyewe alitoka kwenye gazeti la picha la Kiingereza, kuukuu, lisilo na jalada, lililotolewa na mzungu gani sijui. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya wanyama wa kale waliokwisha kabla ya binadamu kuwepo. Leo vitukuu wangu wanawaita dinosaria na kuwajua kwa majina kuliko wanavyowajua shangazi zao. Mimi nilimsomea Wafula kwamba walikuwa kama mijusi, ila mmoja alikuwa mrefu kuliko nyumba. Alilitazama gazeti kwa muda mrefu, akaniuliza kama alikuwa mkubwa kuliko injini ya treni. Nikasema ndiyo, pengine mara mbili.

Jumapili iliyofuata Wafula hakumwita mtoto. Alikaa veranda, akatazama pembeni kana kwamba hakuna mtu nyuma ya ua, akaanza kumsimulia mama wa mtoto kwa sauti kubwa habari za mjusi mkubwa kuliko injini aliyekutana naye katika safari za Uganda. Mjusi huyu, alisema, alikaa kando ya reli akingoja treni ya matunda. Alikula mananasi tu. Aliyala mengi mno hata mgongo ukamwota majani ya nanasi na ngozi ikawa ya manjano yenye macho macho. Mananasi hayakuwa uongo mtupu, kwa maana Wafula kila alipotoka safari alimletea binti yake nanasi, akalimenya mlangoni na overoli bado mwilini. Nilimnong'oneza kwamba kwenye picha hakuna nanasi lolote na kwamba wanyama hao walikwisha zamani. Alinijibu bila kunitazama, "Karani, wewe ulikuwepo?"

Leso ya mama ilisogea. Jicho moja likaonekana.

Mjusi aliendelea Jumapili baada ya Jumapili. Alisukuma treni iliyoshindwa mlima. Alimla kofia stesheni masta. Kila Jumapili Nekesa alisimama mbele kidogo zaidi, mpaka akawa ameshika matawi ya ua kwa mikono miwili. Wadi nzima ilisikiliza. Ndipo Jumapili moja mtoto, bila kuambiwa na mtu, akasema, "Yuko wapi? Nataka kumwona." Wafula, ambaye hakuwahi katika maisha yake kusema neno dogo pale neno kubwa lilipopatikana, akamjibu kwamba yuko hapa hapa wadini, amelala, na ataonekana. Siku hiyo hiyo mama Nekesa akaeleza habari yake, akijitahidi isisikike kama kilio. Nyumba ya landhi ilitakiwa kwa mtu mwingine anayefanya kazi. Wangepanda treni kurudi magharibi baada ya majuma matatu. Zilibaki Jumapili tatu.

Walipoondoka Wafula alinigeukia. Hakunitania. Aliniuliza tu kama nyuzi za manjano zipo.

Zilikuwepo, na za kijani, na nyekundu kidogo kwa ajili ya mdomo. Kichwa cha kwanza nimekwisha kukisimulia. Nilipoacha kukihesabu kile kitanzi kisichohesabiwa nilipata kichwa cha mviringo, na juma la kwanza likaisha. Kwa macho macho ya nanasi nilibuni kitanzi kilichovutwa kikatuna, nikakipanga mshazari kuzunguka mwili, na nilipofika kiunoni nikagundua kwamba mstari mmoja wa macho umehama kwa kitanzi kimoja. Hakuna mtu angeuona. Nilifumua mwili mzima. Wafula aliporudi kutoka kupigwa sindano aliona kichwa peke yake, akauliza mwili umekwenda wapi, nikamdanganya kwamba uzi ulikuwa umeoza ukakatika. Alinisikitikia. Juma la pili nilimaliza mwili na miguu, mguu mmoja ukawa mnene, nikafumua miguu yote minne ili ifanane. Jumapili ya pili mtoto alisimama uani akauliza kama mjusi ameamka, baba yake akasema anajinyoosha, na mimi nikajifanya nimelala.

Aliyetupatia cha kujazia alikuwa Mwaura, dresa wa wadi yetu, ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano na kulinda sheria. Tulimwogopa. Alikuwa na tabia ya kufika kitandani kabla ya viatu vyake kusikika. Alimkuta mjusi akiwa gamba tupu, akamgeuza huku na huku, akasema pamba ya hospitali si ya kuchezea, akaenda zake. Saa ya maziwa nilikuta chini ya mto wangu bonge la pamba safi. Sikuwahi kumshukuru kwa sababu sheria aliyoivunja ilikuwa yake mwenyewe na niliona ingemwaibisha.

Jumamosi ya mwisho, kabla ya chakula cha mchana, mjusi alikuwa mzima. Urefu wake ulikuwa kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, manjano kama jua, majani tisa ya kijani kutoka utosini hadi mkiani, mdomo mwekundu. Nilimsimamisha juu ya kabati nikarudi nyuma. Ndipo nikaona jicho la kushoto. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta ncha ya uzi shingoni, nifumue kichwa tu, kichwa peke yake, ningekimaliza asubuhi, Wafula aliponyoosha mkono akamchukua mjusi, akamweka chini ya blanketi lake na kumkalia.

Nilimweleza habari ya jicho. Nilimweleza na habari ya mwili, kwamba uzi haukuoza. Nilidhani atanipigia kelele. Alinijibu kwa sauti ya chini, na sikuwa nimewahi kumsikia akiitumia.

"Mtoto yangu hahesabu vitanzi. Mimi nina Jumapili moja tu, Karani. Wewe unafumua Jumapili yangu."

Hakuna kitu nimeambiwa maishani kilichoniingia kama hicho. Baadaye alinitupia nusu ya ugali wake, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumaliza ugomvi.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa. Wote tuliijua sheria ya pipa. Nyuma ya wadi kulikuwa na pipa la maji lililochemka tangu asubuhi juu ya kuni za mwakasia, na hakuna kitu kilichotoka kwetu kwenda kwa watu wenye afya bila kupitia humo, si shati, si kijiko, si leso. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechemshiwa suruali mbili. Lakini katika majuma yale matatu, nikihesabu kila kitu kilichohesabika, sikuwahi hata mara moja kumfikiria mjusi kama nguo. Nilimfikiria kama mnyama. Na nilimfuma kwa sufu, wakati pembeni ya kapu kulikuwa na uzi wa pamba ambao ungestahimili. Jumapili asubuhi Mwaura alisimama kati ya vitanda vyetu na ndoo mkononi, akanyoosha mkono mwingine. Wafula alikuwa msalani. Nilisema mjusi hajamalizika. Mwaura akatazama kifua changu, ambapo mkia ulikuwa ukichungulia kati ya vifungo vya shati.

Nilikuwa nimemtoa chini ya blanketi la Wafula nikamficha. Nilikuwa tayari apelekwe vile alivyo, na pumzi zetu sisi kumi na wawili ndani yake, mikononi mwa mtoto wa miaka minne atakayemtia mdomoni, ili mistari yangu isiharibike. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi na bado si dogo.

Mwaura hakunikaripia. Alisema, "Hapa hakuna kitu kinatoka bila kuchemshwa. Hata mimi wangenichemsha kila jioni, ni vile sitoshei kwa pipa." Nikamwambia kwamba sufu ikichemka inaharibika. Akasema anajua. Tukabaki hivyo, yeye na ndoo yake, mimi na mkia wangu, mpaka Wafula akarudi, akaona, akaelewa yote kwa mara moja. Alimvuta mjusi kutoka shatini mwangu kwa upole kama mtu anayemtoa kuku kwenye mayai, akamtazama kwanza upande huu kisha upande ule, akamtia ndooni.

"Mpike," alimwambia Mwaura. "Mpike sana."

Saa sita Mwaura alimrudisha akiwa ananing'inia kwenye koleo. Wadi nzima ilikaa kitako kutazama. Yule mjusi mrefu kama mkono alikuwa amerudi ukubwa wa ngumi. Sufu ilikuwa imejikaza ikashikamana, vitanzi vyangu vyote nilivyovihesabu vimemezwa, usingeweza kuona hata kimoja. Wekundu wa mdomo ulikuwa umevuja mpaka mashavuni. Kijani kilikuwa kimeshuka mgongoni kikaingia kwenye manjano, kimeacha mabaka kama ya nanasi ambalo halijaiva vizuri upande mmoja. Majani tisa yalikuwa yamejikunja na kusimama wima. Mtu mmoja wa kitanda cha mwisho alisema anafanana na stesheni masta. Wafula alicheka mpaka akaanza kukohoa, Mwaura akamwamuru aache kucheka kwa sababu za kiafya, na hilo likafanya wadi yote icheke kwa sababu za ukaidi. Mimi pekee sikucheka. Mwaura alimbana mkia kwa kibanio, akamwanika kwenye kamba ya mashuka, na upepo wa Nakuru ukamkausha kwa saa mbili, ukimpiga vumbi jeupe kidogo.

Saa nane walikuja. Mama Nekesa alikuwa amevaa gauni la safari. Mwaura alitembea hatua zile ishirini akiwa na koleo mbele yake, mjusi amebanwa nchani mwake, polepole kama mtu anayebeba sadaka, akamfikisha juu ya ua. Nekesa alimpokea kwa mikono miwili. Alitosha hapo barabara. Nilivyomfuma mimi angehitaji kubebwa mgongoni.

Alimgeuza. Alimnusa. Kisha akainua uso akamtazama baba yake, si mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Ulisema ni mkubwa kuliko treni."

Nilifumba macho. Wafula hakuchukua hata pumzi moja kufikiri. "Alikuwa mkubwa," alisema. "Wamemchemsha. Hapa wanatuchemsha sisi wote, ndiyo ugonjwa utoke. Ndiyo maana hata mimi nimekuwa mwembamba."

Mtoto akatazama mjusi, akatazama baba yake, mabega yale yaliyokonda, shingo ile. Nilimwona akilinganisha. Ilikuwa hesabu, na ilikuwa sahihi kuliko zangu zote.

"Wakimaliza kukuchemsha utakuja nyumbani?"

"Nitakuja."

"Usiwe mdogo sana, baba," Nekesa akasema, "nitakupoteza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumi kumwita hivyo. Wafula alibaki amesimama pale veranda muda mrefu baada ya wao kupotea kwenye kona ya barabara ya stesheni, akitabasamu kama mtu asiye na akili, machozi yakichora mistari kwenye vumbi jeupe la uso wake. Jioni alikula nyama yake yote na nusu ya yangu, na niliona ni haki.

Aliachiliwa miezi sita baadaye, mimi mwezi mmoja baada yake. Chini ya turubai siku ya mazishi Nekesa alinieleza yale ambayo sikuwepo kuyaona. Siku baba yake alipofika kijijini akiwa na kisanduku na nanasi kubwa, alimkuta Nekesa uani, naye akamzunguka mara mbili kumpima, akamwambia kwamba hakupungua sana. Kisha akakaa pajani pake na mjusi mkononi, wakala nanasi lote watatu. Nilimwomba radhi kwa ajili ya lile jicho la kushoto. Alimsogeza mjusi karibu na miwani yake, akamtazama kwa makini ya mwalimu, akasema kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kwamba lina kasoro yoyote.

Bado nafuma. Nimewafumia watoto wangu, wajukuu na vitukuu, mijusi wa nanasi, wa peasi, wa matunda damu, na wote nawafuma kwa uzi wa pamba. Nikikosea mstari wa tatu, naendelea na wa nne. Sifumui tena.